Namna ya kujadili mpangilio wa atributi katika Rust

Kabla ya kubishana iwapo atributi (maelezo ya #[...] yanayoambatanishwa na tamko katika lugha ya programu ya Rust) ikae juu ya tamko au kando yake, chunguzeni kwanza rustfmt, programu inayopanga msimbo wa Rust, hufanya nini bila kuelekezwa. Programu hiyo huunganisha #[derive(Debug)] na #[derive(Clone)], atributi zinazoongezea aina uwezo uliotajwa, zikifuatana, kuwa #[derive(Debug, Clone)], na yaliyomo ndani ya mabano yakizidi upana unaoruhusiwa, huyagawa katika mistari kadhaa.

Linalostahili mjadala wa kina ni usomaji wa mabadiliko. Kila kipengele cha derive kikiwa na mstari wake, kuongeza kingine, kama Hash, hugusa mstari mmoja tu, na mkaguzi hukiona papo hapo. Vyote vikibanwa pamoja, mstari mzima huonekana umebadilika, naye hulazimika kulinganisha neno kwa neno. Kwa maoni yangu, hoja hii ina uzito kuliko uzuri wa macho. Chukueni faili moja halisi ya mradi, mwiandike kwa namna zote mbili, kisha mzilinganishe.

Mkishaamua, andikeni uamuzi katika rustfmt.toml, faili ya mipangilio ya rustfmt, mkijua kwamba baadhi ya mipangilio hukubaliwa na toleo la nightly (toleo la majaribio la Rust) pekee. Upangaji upya wa faili zote uwekeni peke yake, usichanganywe na mabadiliko mengine.