Kujiandikisha kupiga kura Marekani baada ya kula kiapo: fuata jimbo lako, si la binamu yako

Ukishakula kiapo na kukabidhiwa cheti cha uraia, swali linalofuata huwa hili: kadi ya kura naipata wapi? Huko tulikotoka tume moja huandikisha nchi nzima. Hapa hakuna tume ya namna hiyo. Karibu kila jimbo lina daftari lake, tarehe zake na masharti yake ya vitambulisho, na kazi yenyewe hufanywa na kaunti au mji. Ndiyo maana ushauri wa binamu yako wa Minnesota unaweza kukukosesha kura wewe uliyeko Texas.

Kabla ya yote: kama bado una grinikadi, usijiandikishe. Sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi ziwape watu nafasi ya kujiandikisha palepale. Karani anauliza harakaharaka, kwa Kiingereza, wewe unadhani bado mnazungumzia leseni, unaitikia "yes" na kutia sahihi. Miaka miwili baadaye unajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, na humo kuna swali: umewahi kujiandikisha au kupiga kura? Jambo hilo linaweza kukunyima uraia, hata kukufukuzisha nchini. Kama limeshakupata, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Kwa aliyekwisha kuapa, kazi ya kwanza ni kusahihisha kumbukumbu. Subiri kama siku 10 baada ya kiapo, kisha peleka cheti chako ofisi ya Sosho Sekyuriti (Social Security, hifadhi ya jamii) ili wabadilishe hali yako iwe raia. Wengi hulipuuza hili. Matokeo yake, jimbo likilinganisha majina na kumbukumbu za serikali, wewe unaonekana bado mgeni.

Halafu fungua tovuti ya vote.gov na uchague jimbo lako. Itakupeleka kwenye ukurasa rasmi wa huko. Kujiandikisha ni bure. Anayekudai hata dola tano ni tapeli.

Fomu ni fupi, lakini ina mitego miwili kwa watu wetu. Wa kwanza ni tarehe: hapa mwezi hutangulia siku. Aliyezaliwa tarehe 5 Novemba anaandika 11/05. Akiandika kama alivyozoea, amejigeuza mtu wa Mei. Wa pili ni majina. Wakimbizi wengi tuliandikiwa Januari mosi kuwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ni rahisi kukuta watu wawili wenye jina moja na tarehe moja. Andika majina yote jinsi yalivyo kwenye cheti au leseni, kwa mpangilio uleule, na ujaze namba ya leseni. Kama huna leseni, jaza tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Sosho. Hizo ndizo zitakazokutenganisha na wajina wako.

Sasa majimbo. Texas ni wagumu: lazima uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi, na mtu asiyekuwa na leseni ya kuhuisha mtandaoni huchapa fomu, huitia sahihi kwa kalamu na kuipeleka kaunti, ambako mara nyingi mwandikishaji ni yuleyule mkusanya kodi. Siku ya kura wanataka kitambulisho cha picha kutoka orodha yao. Kibali cha kubeba bastola kimo, kitambulisho cha mwanafunzi hakimo. Cheti cha uraia chenye picha kinakubalika.

Pennsylvania wanafunga siku 15 kabla, na kitambulisho huombwa unapopiga kura mara ya kwanza katika kituo hicho. Hata bili ya umeme inatosha. Minnesota unaweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, na ukikosa uthibitisho wa makazi, mpigakura aliyeandikishwa katika eneo lako la kura anaweza kukudhamini kwa kiapo. Mtu mmoja anaruhusiwa kudhamini hadi wanane. Arizona na New Hampshire wanataka uthibitisho wa uraia wenyewe, kwa hiyo cheti kiwe karibu. North Dakota hawana daftari kabisa: unakwenda na kitambulisho chenye anwani yako, unapiga kura.

Fomu ikikuuliza chama, usiruke bila kufikiri. Pennsylvania na New York, asiyeandika chama hapigi kura za mchujo za Democratic wala Republican, na kuna maeneo ambako mchujo ndio unaoamua kila kitu. Texas hawaandikishi chama; unachagua mchujo siku hiyohiyo.

Wiki chache baadaye angalia kwenye tovuti ya jimbo kama jina lako limeingia. Ukihama nyumba, badilisha anwani. Ukihama jimbo, anza upya.

Siku ya kura karatasi ya Kiswahili usiitarajie. Sheria ya mwaka 1975 inayolazimisha lugha nyingine inahusu Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, basi. Lakini asiyeweza kusoma karatasi hiyo ana haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe: mwanawe, jirani, mtu wa msikitini au kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake, mtu aliyetumwa na mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Texas msaidizi huyo huapishwa kwanza. Na wakikuambia jina halimo, usirudi nyumbani. Katika majimbo mengi unaweza kuomba kura ya muda, ile inayoitwa "provisional", ukaijaza na kuwaachia. Watahakiki baadaye, nawe chukua maelezo ya namna ya kufuatilia kama ilihesabiwa.