Hesabu mayai kwanza: kupima minyoo ya punda kabla ya kutoa dawa

Wenye punda wengi ninaowahudumia Lamu hutoa dawa ya minyoo kwa kalenda: miezi mitatu ikitimia, zizi zima linanyweshwa. Mimi nilishaacha. Kwenye zizi la punda kumi, kwa kawaida wawili watatu tu ndio wanaomwaga mayai mengi. Wengine wanakunywa dawa bure, na minyoo inayonusurika ndiyo inayobaki kuzaana. Farasi na nyumbu (chotara wa punda na farasi) hupimwa vivi hivi.

Hatua ya 1. Okota mavi mabichi.
Punda akishakunya, vaa glavu, shika vidonge viwili vitatu visivyogusa mchanga, geuza glavu nje ndani, toa hewa, funga fundo. Andika jina la punda, tia kwenye kasha la barafu. Usifanye kama mimi: niliwahi kuacha sampuli juani kwenye boti nikitoka kisiwa cha Manda. Chini ya hadubini nikakuta lava (minyoo wachanga) wamejikunja ndani ya maganda wakijinyonganyonga, na wengine wameshatoka. Sikuwa na cha kuhesabu.

Hatua ya 2. Tengeneza maji ya chumvi.
Chumvi ya jikoni gramu 400 kwa lita moja ya maji moto. Ikibaki kidogo chini bila kuyeyuka, ndivyo inavyotakiwa. Acha yapoe.

Hatua ya 3. Changanya.
Ponda gramu 4 za mavi kwenye mililita 56 za maji hayo, chuja kwa chujio la chai (lisirudi jikoni tena!), koroga, kisha jaza upesi vyumba vyote viwili vya slaidi ya McMaster (kioo cha kuhesabia mayai chini ya hadubini), bila viputo. Ngoja dakika 5 mayai yaelee.

Hatua ya 4. Hesabu.
Tumia lenzi ya 10. Yai la strongili (kundi la minyoo ya utumbo) ni refu kidogo, ganda jembamba, ndani kama kishada cha zabibu. La Parascaris (mnyoo mkubwa wa utumbo) ni la mviringo, kahawia, ganda nene. Hilo utalikuta zaidi kwa vihongwe. Hesabu yaliyo ndani ya mistari ya vyumba viwili, zidisha kwa 50. Mayai 14 ni 700 kwa gramu.

Hatua ya 5. Amua.
Kwa punda mzima mwenye afya, mimi hutoa dawa kuanzia 500. Wapo wanaoanzia 200. Ila sufuri isikudanganye: lava wa strongili wadogo hujificha kwenye ukuta wa utumbo na hawatagi. Punda aliyekonda na kuharisha aonwe na daktari wa mifugo, hata slaidi iwe tupu. Kihongwe naye usimpimie kwa kiwango hiki.

Hatua ya 6. Pima tena baada ya siku 14.
Mzee mmoja aliniuliza, "Daktari, dawa ameshakunywa, mavi unayatakia nini tena?" Punda wake alikuwa na 700, akashuka hadi 50, yaani upungufu wa asilimia 93 hivi. Kwa ivermektini, dawa ya minyoo, natarajia zaidi ya 95. Kabla ya kuilaumu dawa, tukamzungushia punda utepe wa kukadiria uzito kifuani: uzito tuliokisia kwa macho ulikuwa mdogo kuliko uzito wake, na dozi ilikuwa pungufu.