Somo: Kufua na kutunza mashuka ya pamba laini

Mashuka mazuri ya pamba, yawe mapya ya dukani au ya mtumba daraja la kwanza yale yanayogombaniwa robota likifunguliwa tu, hayachakazwi na kulaliwa. Yanachakazwa kwenye beseni. Na kinachoyamaliza zaidi ni sabuni inayoachwa ndani. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kusuuza, mengine nitayapitia haraka.

Kabla ya yote hakikisha ni pamba kweli. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, humo mna poliesta, hata kibandiko kiseme nini.

Hatua ya 1: Tenga na ushughulikie madoa. Meupe peke yake, ya rangi peke yake, na taulo zisiingie humo kwa sababu zinaacha manyoya. Damu ni maji baridi tu. Ya moto yanaigandisha kwenye uzi. Foronya zilizoshika mafuta ya nywele zipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uziache robo saa. Kwa wenzangu wa pwani mnaotandaza asumini kitandani: okoteni maua yote kabla ya kuloweka, maana yakipondeka ndani ya beseni yanaacha madoa ya kahawia.

Hatua ya 2: Loweka. Koroga sabuni ya unga mpaka iyeyuke yote, ndipo uzamishe shuka. Unga ukimwagwa juu ya shuka hukaa sehemu moja na kuparua rangi. Nusu saa yatosha. Kulaza mashuka kwenye maji usiku kucha kunayatia harufu tu.

Hatua ya 3: Fua. Pamba ikilowa huwa imara kuliko ikiwa kavu, basi usiogope kuikanda na kuikamua kamua ndani ya maji. Kinachoiumiza ni brashi na sakafu ya saruji. Kwa wenye mashine: usiijaze ikashindwa kugeuza, na nyuzi joto 40 zinatosha kwa kawaida. Meupe ya mgonjwa, au ya mtu mwenye pumu anayesumbuliwa na wadudu wa vumbi, yapeleke 60.

Hatua ya 4: Suuza. Hapa ndipo wengi wetu, na wasaidizi wetu, na madobi wetu, tunapokata kona.

Maji ya kwanza hutoka kama maziwa, ya pili yana povu pembeni, ya tatu hudanganya: yanaonekana masafi. Shika pembe ya shuka, likamue kwa nguvu juu ya bakuli. Kama maji yanayotoka yanateleza vidoleni au yana vipovu, bado. Endelea.

Sabuni ikibaki, shuka hukauka likawa gumu, linawasha shingoni, vumbi linanata, na ukilipiga pasi sabuni hiyo huungua na kuacha umanjano. Mtu akiliona limefubaa, safari ijayo anaongeza sabuni na kutia jiki. Sasa ana sabuni nyingi zaidi ya kutoa, na uzi uliokwisha kudhoofishwa na klorini. Mashuka mengi yanayochanika katikati ukigeuka tu usingizini yamepitia njia hiyo.

Kisima cha pwani ni habari nyingine. Maji yenye chokaa yakikutana na sabuni ya kipande huganda utando mweupe usiosuuzika hata umalize ndoo ngapi. Huko tumia sabuni ya unga au ya maji. Katika maji ya kabla ya mwisho tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo ya lita 20, kisha malizia kwa maji matupu. Lakini siki na jiki zisikutane kabisa, zinatoa gesi ya klorini, ni sumu.

Ile dawa ya kulainisha yenye harufu nzuri mimi siitii. Inaupaka uzi utando wa mafuta, na pamba inapoteza kile ulichoinunulia: kunyonya jasho.

Hatua ya 5: Kamua na uanike. Shuka likunjeni kwa urefu, kila mtu ashike upande, mlikamue bila kulisokota sana. Lipige kofi hewani mara mbili tatu, lianike kwenye kamba, si waya. Kutu ya waya ni ngumu kuliko doa la chai. Jua huyasaidia meupe, lakini ya rangi yageuze ndani nje au yaweke kivulini. Anua likiwa na unyevu kidogo bado.

Hatua ya 6: Pasi. Ndiyo sababu ya ule unyevu. Likishakauka kabisa, linyunyizie maji, likunje, lisubiri robo saa. Ya sateni yanayong'aa yapigwe upande wa ndani.

Hatua ya 7: Hifadhi. Yakauke kikamilifu kwanza, hasa Zanzibar, Tanga na Mombasa ambako ukungu haukawii. Kabatini tia karafuu. Anayevukiza udi avukize siku ya kutandika. Akiuvukiza na kuyafungia, moshi unayatia manjano kwenye mikunjo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukran kwa somo, dada. Huku kwetu tunatumia maji ya kisima. Nilitia jiki mashuka meupe yakatoka na madoa ya rangi ya kutu. Jiki mbovu?

Jibu: Jiki haina kosa, maji yako yana chuma. Klorini inakigeuza chuma kuwa kutu papo hapo. Kamulia ndimu kwenye madoa, nyunyiza chumvi, anika juani bila kuacha pakauke, kisha suuza sana. Usirudie jiki kwa maji hayo. Tafuta unga wa kung'arishia usio na klorini.

Swali: Kuna shuka la "pamba ya Misri, nyuzi 1000" kwa bei ya kutupa. Ninunue?

Jibu: Namba hiyo ni idadi ya nyuzi katika inchi moja ya mraba, na ili ifike 1000 viwanda huhesabu kila kiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi. Shuka la 300 la nyuzi ndefu linalishinda. Na jina Misri lisikutie wazimu: mwaka 2016 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliachana na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kugundua mashuka yaliyouzwa kwa jina hilo yalikuwa ya pamba nyingine. Kwa bei hiyo, chomoa uzi uuchome kwanza.

Swali: Bibi harusi ametuachia hina kwenye shuka jeupe. Tumelifua, imebaki rangi ya machungwa.

Jibu: Pamba haishiki hina kama ngozi inavyoishika, kwa hiyo mna nafasi. Nunueni haidrojeni peroksidi ya 3% duka la dawa, lowanisheni doa, acheni nusu saa, fueni. Rudieni ikibidi. Msipige pasi mpaka liishe.

Swali: Kweli kuna nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa? Shangazi hatuachi tulale bila kupiga pasi.

Jibu: Yupo. Hutaga kwenye nguo mbichi, hasa za kivulini au zilizotandazwa chini, na funza wake huingia ngozini na kufanya kijipu. Pasi ya moto huua mayai, lakini ipite pande zote mbili, pindoni na kwenye mishono pia. Masika mkianika ndani, funga madirisha yasiyo na wavu na uwashe feni.