Kabla hujasema "ni vumbi tu": dalili za korona unapomwangalia mgonjwa nyumbani

Kipupwe kikianza Dodoma, kila nyumba ina mtu anayekohoa, na lawama zote hubeba vumbi. Soma haya sasa, ukiwa mzima na akili imetulia, usingoje mgonjwa awe amelala ndani na kila jirani amekuja na dawa yake. Na usiniambie korona imekwisha. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba si dharura ya dunia tena. Ugonjwa wenyewe bado upo.

Dalili za kawaida mnazijua: homa, kikohozi, koo kuuma, mafua, kichwa, uchovu, viungo kuuma. Wengine huharisha. Kupotewa na harufu na ladha kulikuwa alama kubwa mwaka 2020, lakini tangu kirusi aina ya Omicron kisambae, wengi hawapati dalili hiyo. Mgonjwa akikuambia mlenda anausikia vizuri mdomoni, bado hujathibitisha kitu.

Andika siku dalili ya kwanza ilipoanza. Andika hata ukutani kwa mkaa. Dalili hujitokeza siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na wale wanaozidiwa mara nyingi huzidiwa baadaye, kuanzia kama siku ya 5 hadi ya 10 ya kuumwa, wakati ndugu wameshaanza kurudi makwao wakisema mzee anaendelea vizuri. Daktari atakuuliza, na "tangu wiki ile" si jibu.

Malaria ipimwe. Ikitoka haipo, usinywe dawa ya mseto "kwa usalama". Ikitoka ipo, usifunge mjadala, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimo cha haraka cha korona cha siku ya kwanza kikisema huna, rudia baada ya saa 48. Kile cha maabara, PCR, hunasa zaidi.

Sasa kaa chini nikueleze la kupumua, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Baba yangu mkubwa anauza mahindi Kibaigwa. Mwezi wa saba mwaka 2021 alianza kukohoa, na kwa kazi yake, nani asingesema ni vumbi la magunia? Homa ilikuja kidogo ikaondoka. Zahanati moja ikampima malaria, haikuonekana, akaandikiwa dawa za taifodi akarudi nyumbani. Alikaa kibarazani, anakunywa uji, anauliza bei ya gunia. Ukimwangalia, mzima. Aliyeshtuka ni mama mkubwa, na alishtushwa na salamu. Mzee ni Mgogo wa kweli, akikusalimia atauliza watoto, mifugo, mvua, hadi jirani wa jirani. Siku hiyo alisema "Mbukwenyi", akanyamaza, akavuta pumzi. "Watoto..." akavuta tena. Salamu moja aliikata vipande vitatu, naye anasisitiza hana tatizo lolote.

Alipofikishwa hospitali, kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni kilisoma 84. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 na kuendelea. Nesi alishangaa alivyoshuka kwenye gari kwa miguu yake. Korona ina tabia hiyo: oksijeni hushuka kwenye damu na mgonjwa asihisi kubanwa kifua. Alilazwa na oksijeni puani, akatoka hai, ila mwaka mzima kupanda ngazi ilikuwa shughuli.

Kwa hiyo fanya hivi. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia, maana ukimwambia atabadilisha mwendo. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Akipita 24, anza safari. Akipita 30, umechelewa kuanza. Mwache aseme sentensi ndefu umsikilize. Tazama midomo na kucha kama zinageuka rangi, na pia mzee anayeanza kuchanganya majina ya wajukuu. Kibanio kikiwepo, futa hina na rangi ya kucha kwanza, pasha mkono uliopoa, subiri namba itulie. Ikiwa chini ya 94, nenda hospitali. Na ujue kwamba kwa ngozi nyeusi mashine hizi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo namba nzuri kwa mtu anayehema usiiamini.

Vidonge vya deksa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini) vya duka la dawa acha. Vinamsaidia aliyefikia kuhitaji oksijeni. Kwa mwingine vinaweza kudhuru. Antibayotiki haziui kirusi. Kujifukiza ukipenda, lakini nimeona mtu akiungua na sufuria, na asiyepumua vizuri asifunikwe blanketi.

Mwenye kisukari, presha, pumu, mjamzito, mzee: hao msisubiri. Anayemhudumia avae barakoa, madirisha yafunguliwe hata vumbi likiingia. Ushauri wa wizara unapatikana bure kwa namba 199. Jueni mapema kituo gani cha karibu kina oksijeni, kwa sababu si kila zahanati inayo, na gari la kukodi usiku kutoka vijijini Kongwa au Bahi halipatikani kwa kupunga mkono barabarani. Namba ya dereva iwe kwenye simu zaidi ya moja, kadi ya bima mahali hata mtoto anapajua, na nauli isiguswe kwa ajili ya vocha.