Rangi isikukaukie kabla ya kikosi kwisha
Kama unapaka rangi vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, hasa hivi vya milimita 28, acha kumimina rangi ya akriliki kwenye sahani kavu. Tone dogo vile hukauka kabla hujamaliza koti la askari wa pili, na kikosi kizima bado kinakusubiri.

Badala yake, jitengenezee sahani yenye unyevu. Chukua kontena bapa la plastiki lenye mfuniko unaobana. Tandika ndani sponji nyembamba au tishu za jikoni zilizokunjwa, tia maji mpaka zilowe chapachapa bila kuelea, kisha laza juu karatasi ya kuokea keki. Ile ya nta haifai, haipitishi maji. Karatasi ikijikunja, igeuze ilowe pande zote mbili, halafu isawazishe kwa vidole hadi viputo viishe. Rangi utakayoweka juu ya karatasi hiyo itabaki mbichi kwa saa nyingi. Ukifunika vizuri, hata kesho utaikuta.

Rangi za dhahabu na fedha ziweke kando, kwenye kipande cha kigae. Chembe zake zikisambaa kwenye rangi nyingine, kila koti litametameta, na askari wa Napoleon hawakuvaa hivyo. Maji nayo badilisha mara kwa mara. Sponji ikianza kunuka, ujue ukungu umeshaingia.