Timu Imeonewa au Haijafikia? Namna ya kujenga hoja kuhusu uteuzi wa March Madness

Jumapili moja ya katikati ya Machi, saa 12 jioni kwa saa za mashariki ya Marekani, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, hutangaza timu za wanaume zitakazocheza March Madness, mashindano yake makubwa ya mpira wa kikapu, baada ya kamati ya uteuzi kuzichagua. Kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa 7 usiku na Jumatatu imeshaingia. Hakujakucha, na tayari ubishi umewaka: fulani kaonewa, fulani kabebwa. Ubishi huo ni mtamu, ila mara nyingi hauishi, kwa sababu kila mtu anajibu swali lake mwenyewe. Hapa tunaeleza namna ya kujenga hoja itakayosimama hata mbele ya mtu anayezijua takwimu.

Kwanza jua unalalamikia nini

Anayesema "uteuzi si wa haki" anaweza kuwa na maana nne tofauti. Huenda vigezo vyenyewe ni vibaya. Huenda vigezo ni vizuri ila havikufuatwa sawa kwa timu zote. Huenda waliopiga kura wana maslahi. Au huenda kamati haina kosa lolote, ila timu ilinyimwa mapema nafasi ya kujipima na wakubwa. Kila lalamiko lina ushahidi wake. Ukianza na la pili ukaishia na la tatu, mwenzako atajibu lile jepesi na kukuacha hapo. Chagua moja, liseme kwa sentensi moja, ndipo ufungue takwimu.

Hesabu nafasi zinazogombewa kweli

Vyuo vimejigawa katika konferensi, yaani ligi zao ndogo, na bingwa wa kila ligi huingia moja kwa moja. Mwaka 2025 timu zilikuwa 68 na mabingwa 31, hivyo kamati ilibaki na nafasi 37 za kugawa. Nyingi kati ya hizo hazina mjadala. Kinachobishaniwa ni timu chache za mwisho kuingia na chache za kwanza kuachwa, kwa hiyo hoja inayotaja timu zilizo mbali na mstari huo inapoteza muda.

Mstari wenyewe husogea wiki ya mwisho. Timu ambayo isingechaguliwa ikitwaa ubingwa wa ligi yake, inakula nafasi ya mtu mwingine. Mwaka 2024 NC State walishinda mechi tano kwa siku tano wakachukua taji la ligi yao, ACC, na hawakuwa peke yao mwaka huo. Indiana State, waliokuwa na ushindi 28 na vipigo 6, walifungwa na Drake 84–80 katika fainali ya ligi yao, kisha wakaachwa nje. Kabla ya kuilaumu kamati, hesabu nafasi zilizoliwa hivyo. Timu yako inaweza kuwa imezamishwa na matokeo ya uwanja ambao haikuukanyaga.

Fungua karatasi mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hakuna hoja ya "timu hii ilistahili" bila kutaja timu itakayotoka ili ipishe. Tafuta karatasi za matokeo na vipimo vya timu zote mbili, zile ambazo wajumbe wa kamati nao huwa nazo mezani, na uhakikishe ni za siku ya uteuzi. Vipimo vingine, kama KenPom, orodha inayokadiria ubora wa timu, huendelea kubadilika mashindano yakichezwa. Ukichukua namba za Aprili kubishania uamuzi wa Machi umeshajikwaa.

Karatasi hupanga mechi katika mafungu manne kwa kutumia NET, orodha ya NCAA ya kupanga timu zote, iliyochukua nafasi ya orodha ya zamani ya RPI kuanzia msimu wa 2018–19. Fungu la kwanza, ambalo Wamarekani huliandika Q1, ni mechi dhidi ya timu iliyo nafasi ya 1 hadi 30 ukiwa nyumbani, 1 hadi 50 kwenye uwanja huru (usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili), au 1 hadi 75 ukiwa ugenini. Fungu la pili ni 31 hadi 75 nyumbani, 51 hadi 100 uwanja huru, 76 hadi 135 ugenini. La tatu huishia 160 nyumbani, 200 uwanja huru na 240 ugenini. Zinazobaki zote ni fungu la nne, na kipigo cha humo hukumbukwa muda mrefu.

Soma mipaka hiyo kwa tahadhari. Ukishinda ugenini kwa timu ya 75 umepata ushindi wa fungu la kwanza. Ikishuka hadi 76, ushindi uleule unakuwa wa fungu la pili, bila mtu kugusa mpira. Kwa hiyo usiishie kwenye jumla ya fungu. Zitaje mechi zenyewe: nani, wapi, kwa pointi ngapi.

Chukua mfano wa 2025, North Carolina waliopewa nafasi na West Virginia walioachwa. North Carolina walikuwa na ushindi mmoja tu katika mechi 13 za fungu la kwanza. West Virginia walikuwa nao 6 katika 16. Ukiishia hapo kesi imekwisha, na gavana wa West Virginia aliitisha hata mkutano na waandishi wa habari. Sasa ingia ndani. Ushindi wa West Virginia haukuwa wa kuokota: Gonzaga na Arizona kwenye uwanja huru, zote kwa muda wa nyongeza, na Kansas kwao hukohuko, 62–61. North Carolina walikuwa na UCLA peke yake, 76–74. Lakini katika vipigo vyao 12, vitatu ni vya Duke, na vingine ni Auburn, Florida, Alabama, Michigan State na Kansas, yaani timu ambazo mtu wa mstarini hutarajiwa kufungwa nazo. Upande wao hujibu pia kwamba katika fungu la pili hawakupoteza. Mwenye kuitetea West Virginia lazima alikabili jibu hilo. Kurudia "1 kwa 12" hakutamsaidia.

Kwa maoni yetu West Virginia walistahili, kwa sababu kushinda mechi sita za aina hiyo ni kitu kilichotendwa, na kufungwa kwa heshima hakupaswi kuwa na thamani ileile. Ila hilo ni jibu la swali moja kati ya mawili.

Tenganisha "nani bora" na "nani kafanya zaidi"

Karatasi ina vipimo vya aina mbili. KenPom, BPI na Torvik hukadiria ubora: timu hizi zikikutana kesho, nani atashinda. KPI, SOR na WAB hupima matokeo: kwa ratiba uliyopewa, umevuna nini. Mwenye kunukuu KenPom anazungumzia uwezo. Mwenye kuhesabu ushindi anazungumzia kazi iliyofanyika. Wanaweza kubishana hadi alfajiri na wote wakawa sahihi.

WAB, yaani ushindi uliozidi wa timu ya mstarini, iliyoingia kwenye karatasi msimu wa 2024–25, inafaa kujifunza kwa sababu unaweza kuikokotoa kwa peni. Kila mechi huuliza: timu ya kawaida ya mstarini ingeshinda hapa mara ngapi? Tuseme ni mechi ngumu ya ugenini ambayo timu hiyo ingeshinda mara 25 katika 100. Ukishinda unapata 0.75, ukifungwa unakatwa 0.25. Nyumbani dhidi ya kibonde, ambako ingeshinda mara 95 katika 100, ushindi unakupa 0.05 na kipigo kinakukata 0.95. Timu iliyocheza mechi mbili za ugenini kama hizo ikashinda moja, kisha ikamfunga kibonde mmoja nyumbani, ina 0.75 − 0.25 + 0.05, yaani 0.55. Jumlisha msimu mzima. Uzuri wake ni kwamba hauna ngazi za ghafla kama mafungu, na safari ngumu ya Februari kwenye ukumbi mdogo wenye kelele huhesabiwa hata kama mwenyeji hana jina.

Angalia Novemba kabla ya Machi

Kwa vyuo vidogo, dhuluma kubwa iko kwenye ratiba, na hapa ndipo tungependa watu waelekeze nguvu zao. Mashine yake inafanya kazi hivi. Novemba na Desemba ligi hukutana. Ligi moja ikiwafunga wengine sana, NET za timu zake zote hupanda pamoja. Kuanzia Januari zinachezana zenyewe, na karibu kila mechi ni ya fungu la kwanza au la pili. Ukifungwa huumii sana, ukishinda umeokota dhahabu. Ligi ya SEC ya 2025 iliingiza timu 14 kati ya 16, rekodi, na msingi ulimwagwa kabla ya Krismasi. Walishinda mechi hizo kihalali.

Sasa mgeukie Indiana State wa 2024. Mechi zao za fungu la kwanza zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakubwa hawapendi kwenda ugenini kwa timu kama hiyo: wakifungwa ni aibu, wakishinda hawaongezi kitu. Humlipa mdogo aje kwao, tena humchagua mdogo wanayemmudu. Kwa hiyo hoja yenye nguvu kwa timu ndogo ni "alipata mechi ngapi, na ngapi kati yake zilikuwa kwao?" Andika hesabu hiyo kwa timu zote mbili unazolinganisha. Mara nyingi ndiyo inayonyamazisha ukumbi.

Ukitaja upendeleo, taja utaratibu

Kamati ina wajumbe 12, wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi. Chuo cha mjumbe kikijadiliwa, yeye hutoka chumbani na hakipigii kura. Mwaka 2025 mwenyekiti alikuwa Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa North Carolina, na maelezo kuhusu timu hiyo yalitolewa na makamu wake, Keith Gill. Unaweza kusema kutoka chumbani hakutoshi, kwa kuwa waliobaki ni watu unaofanya nao kazi msimu mzima. Hoja hiyo ina uzito. Kusema "alijipigia kura" ni uongo, na utakuwa umempa mpinzani wako ushindi wa mezani.

Vilevile usiseme jina kubwa haliachwi. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ya 2007, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa mwaka wake wa kwanza, ilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14 ikabaki nyumbani. Miaka miwili baadaye, yeye akiwa nguzo, waliingia kama namba 1 wa kanda yao wakafika nusu fainali.

Hoja za kuacha

Matokeo ya baadaye si ushahidi. North Carolina waliifunga San Diego State 95–68 katika raundi ya awali kule Dayton, na VCU ya 2011 na UCLA ya 2021 zilianzia raundi hiyohiyo ya awali zikafika nusu fainali. Yanaonyesha timu ilikuwa na uwezo. Hayaonyeshi kama siku ya uteuzi ilikuwa imefanya zaidi ya iliyoachwa. Mwenendo wa mechi 10 za mwisho nao si kigezo rasmi tena, kwa hiyo ukiutumia sema wazi kwamba unapendekeza urudishwe. Wala hakuna mgao wa nafasi kwa ligi.

Ukipendekeza sheria, ipitishe juu ya mwaka halisi

Pendekezo linalosikika sana ni hili: timu iliyopoteza zaidi ya nusu ya mechi za ligi yake isichaguliwe. Lijaribu kwa 2025. Texas na Oklahoma, 6–12 kila mmoja (ushindi 6, vipigo 12), wanatoka. Arkansas, Vanderbilt, Georgia na Mississippi State, wote 8–10, wanatoka pia. Nafasi sita za SEC zinafunguka, na West Virginia, waliomaliza 10–10, wanabaki kwenye mjadala. Inavutia. Lakini ligi zenye timu 16 hazichezi nyumbani na ugenini kwa wote: mmoja anaweza kupangiwa wababe mara mbili na mwingine vibonde mara mbili, kisha rekodi zao zikalinganishwa kana kwamba zimepikwa chungu kimoja. Kwa hiyo kabla ya kuitetea sheria hiyo, andika wapinzani wa mara mbili wa kila moja kati ya timu sita ulizozitoa, na uwe tayari kusema ni yupi kati yao ungemtoa hata hivyo.