Mambo ya kuzingatia kabla ya kumkatia mwanao tiketi ya kurudi Dodoma wakati wa zuio la safari

Januari 2025, homa ya virusi vya Marburg ilipothibitishwa Biharamulo mkoani Kagera, tangazo lilitolewa hapahapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Mara hiyo anga halikufungwa. WHO ilishauri nchi zisizuie safari wala biashara, na Machi mlipuko ukatangazwa kuisha. Hata hivyo, mwenye mtoto anayesoma India, China au Uturuki hakosi kukumbuka 2020, mwaka wa korona, na kujiuliza: ikija nyingine kama ile, huyu tutamrudishaje? Nawaandikia wazazi wa Kongwa, Chamwino, Mpwapwa na hapa mjini, na hasa yule kaka au dada mkubwa ambaye ukoo mzima humwachia simu azungumze na wakala wa tiketi.

Kabla ya tiketi, kaeni mzungumze kama kweli ni lazima arudi. Ana pa kulala? Chuo kinaendelea kumhudumia? Viza yake ina muda? Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020, mamia ya wanafunzi wa Kitanzania walibaki huko mpaka mji ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili, huku wazazi wakiwafuatilia kwa simu. Kubaki mahali penye chakula, dawa na paa kunaweza kuwa salama kuliko kukwama siku tano kwenye viti vya uwanja wa ndege wa nchi ya tatu. Mama akilia kwenye simu kila mtu anataka kulipa leo leo, na wakala asiye mwaminifu anakujua ukiwa katika hali hiyo.

Mkishaamua arudi, jambo zito kuliko mengine yote ni kuhakikisha kwamba ndege mnayoinunua inaruka kweli. Wakati wa zuio ratiba zinaendelea kuonekana mtandaoni na tiketi zinauzwa kama kawaida, kumbe ndege yenyewe haijaondoka tangu mwezi uliopita. India ilisimamisha safari za kawaida za kimataifa Machi 2020, zuio likawa linasogezwa mbele mara kwa mara, na safari hizo zikarudi rasmi tarehe 27 Machi 2022. Fikiria mtu aliyekuwa akinunua tiketi ya "mwezi ujao" katika kipindi chote hicho. Zilizokuwa zinaruka ni ndege za kurudisha raia, na baadaye zile za makubaliano maalumu kati ya India na nchi moja moja.

Kwa hiyo chukua namba ya ndege, ile yenye herufi mbili na tarakimu, uiingize kwenye tovuti inayofuatilia ndege angani kama Flightradar24. Huko utaona siku saba zilizopita ndege hiyo iliondoka lini, ilitua saa ngapi, na siku zipi ilifutwa. Kama ilipaswa kwenda mara nne na ikaenda mara nne, hapo pana kitu cha kununua. Kama imefutwa mara tatu, iache, hata nauli yake iwe nusu ya nyingine. Angalia pia inaruka mara ngapi kwa wiki. Shirika linaloruka kila siku likifuta safari ya leo lina kesho la kukupa. La mara moja kwa wiki litakuweka wiki nzima. China iliwahi kubana zaidi ya hapo: tangu mwisho wa Machi 2020 kila shirika la nje liliruhusiwa njia moja tu na safari moja kwa wiki, na kuanzia Juni mwaka huo, abiria watano wa ndege moja wakikutwa na kirusi, njia hiyo ilisimamishwa wiki nzima. Kuponyoka kwa siti moja katika mazingira hayo ni jambo kubwa. Mimi ningeongeza nauli nikapata shirika la kila siku, hata kama ukoo utachanga mara ya pili.

Hesabu na nchi ambazo safari inazigusa. Familia nyingi huangalia nchi mbili tu, anakotoka na anakokwenda, zikasahau ile ya katikati. Agosti 2020 Kenya ilifungua anga lake, Tanzania haikuwamo kwenye orodha ya kwanza ya nchi zilizoruhusiwa, nasi tukafuta kibali cha Kenya Airways kuja kwetu siku ileile. Mpaka Septemba ndipo mambo yakatengemaa. Aliyekuwa amepanga kuunganisha ndege Nairobi hakuwa na kosa lolote, na bado safari yake ikafa. Mwaka uliofuata, Novemba, habari za Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, zilipotoka Afrika Kusini, Uingereza na nchi za Ulaya zilifunga njia ya huko ndani ya siku moja au mbili. Chagua njia yenye kituo kimoja tu cha kuunganisha, na kituo hicho kiwe nyumbani kwa shirika lenyewe: Addis Ababa kwa Ethiopian, Doha kwa Qatar, Dubai kwa Emirates, Istanbul kwa Turkish. Hapo ndipo shirika lina ndege nyingi na wafanyakazi wa kumhudumia abiria aliyekwama. Ukubwa peke yake hautoshi, maana Emirates nayo ilisimamisha abiria tarehe 25 Machi 2020. Basi uliza swali la pili: msafiri anayepita tu anaruhusiwa kubaki ndani ya uwanja bila viza na bila kipimo kipya?

Safari yote iwe kwenye tiketi moja. Hapa nasisitiza kwa sababu wengi huumia kwa kutafuta nafuu. Utaambiwa: nunua Delhi mpaka Addis peke yake, halafu Addis mpaka Dar es Salaam kwa shirika jingine, utaokoa laki mbili au tatu. Siku za kawaida watu hufanya hivyo na hufika. Wakati wa zuio, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni lolote na wewe. Kwao umechelewa tu. Tena kuna begi: kwenye tiketi mbili mara nyingi begi haliendi moja kwa moja mpaka mwisho, kijana anatakiwa atoke nje alichukue, aingie upya kaunta ya shirika la pili. Kutoka nje ni kuingia nchi ya watu. Anaombwa viza, anaombwa cheti cha kipimo cha nchi hiyo, na nchi ikiwa na karantini basi anaishia hotelini kwa pesa asizokuwa nazo. Tiketi ikiwa moja, mzigo unatakiwa kuandikwa DAR tangu kaunta ya kwanza. Mwambie aangalie karatasi ya begi kabla hajaondoka pale.

Sasa tiketi yenyewe, maana si kila kinachotumwa WhatsApp ni tiketi. Kuna namba ya oda, herufi na tarakimu sita, ambayo wakala anaweza kuipata bila kulipa hata senti kwa shirika, na baada ya saa chache inajifuta. Na kuna namba ya tiketi yenye tarakimu 13, inayotoka pale tu pesa inapolipwa. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, Qatar 157, Emirates 176, Turkish 235. Ukitumiwa namba ya oda peke yake, hujanunua kitu. Dai ile ndefu, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka namba ya oda na jina la ukoo la msafiri, uone safari ikitokea na hali ya kuthibitishwa. Papo hapo tazama simu na barua pepe zilizojazwa. Mawakala wengi huweka zao, hivyo shirika likibadilisha saa, taarifa inaangukia kwenye simu ya wakala aliyelala. Wekeni ya msafiri.

Malipo yaende kwenye namba ya kampuni au akaunti ya benki yenye jina la kampuni, kamwe yasiende kwenye namba ya mtu binafsi, hata awe mtoto wa jirani. Risiti iandikwe namba ya tiketi. Na kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: ndege ikifutwa na shirika, narudishiwa pesa taslimu au napewa vocha? Baada ya siku ngapi? Wakala anakata kiasi gani? Mwaka 2020 mashirika mengi yalikuwa yakisukuma vocha kwa sababu hazina zilikauka, na mzazi aliyeuza magunia ya alizeti kupata nauli hana matumizi na vocha ya mwaka ujao. Anayeondokea uwanja wowote wa nchi ya Umoja wa Ulaya ana kinga: kanuni namba 261 ya 2004 inampa haki ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 7 safari ikifutwa, awe raia wa huko au Mtanzania. Bima ya safari isome kabla ya kuitegemea, kwani nyingi zina kipengele kinachoyaondoa magonjwa ya mlipuko.

Kipimo ndicho kinachowaangusha watu saa za mwisho, kwa sababu ya hesabu. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021 Tanzania ilitaka cheti cha kipimo cha korona cha RT-PCR cha sampuli iliyochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika nchini. Kabla ya kufika, si kabla ya kuondoka. Tuseme kijana yuko Pune na sampuli yake imechukuliwa Jumatatu saa 4 asubuhi. Saa 72 zinaisha Alhamisi saa 4 asubuhi kwa saa za India, ambayo kwetu ni saa 1 na nusu asubuhi, maana wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Ndege ikitua Dar Jumatano saa 8 mchana, yuko salama. Ikimwacha Addis akaletwa kesho yake saa ileile, cheti kimekufa asubuhi. Basi aulize maabara inatoa majibu baada ya muda gani, achukue sampuli kwa kuchelewa kadiri majibu yanavyoruhusu, na ajue mapema kama uwanja wa kuunganishia una maabara. Jina kwenye cheti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Pasipoti iangaliwe leo, kabla ya yote hayo kuhitajika. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele. Ikiwa imeisha, ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, ila ofisi za balozi nazo hupunguza siku za kazi wakati wa mlipuko. Ajiandikishe ubalozini mara tu anapofika nchi ya watu, aache namba inayopatikana. Mei 2020 ndege ya Air Tanzania ilipokwenda Mumbai kuchukua Watanzania, walioweza kupangwa ni wale ambao ubalozi ulijua wako wapi. Sisi wa Dodoma tuna nafasi ambayo wa mikoa mingine hawana: Wizara ya Mambo ya Nje iko Mtumba, na ndugu anaweza kwenda mwenyewe kuulizia.

Mwisho kuna kipande ambacho tiketi haikioni, cha kutoka Dar kuja huku, kilomita zipatazo 450. Siku hizi treni ya SGR imelifanya jambo jepesi, mabasi ya Nanenane yapo, na ndege za ndani zipo. Lakini msinunue treni inayoondoka muda wa saa tatu tu baada ya ndege kutua, maana foleni ya afya na uhamiaji wakati wa mlipuko haitabiriki. Kateni tiketi ya kesho yake, apate pa kulala Dar. Ikitokea nafasi imepatikana ya kutua uwanja wa Kilimanjaro (KIA), msiikatae, kwani lami ya Arusha, Babati na Kondoa inamfikisha nyumbani vilevile. Na wekeni akiba ya karantini. Kuanzia tarehe 23 Machi 2020 waliotoka nchi zenye maambukizi, Watanzania wakiwamo, walitakiwa kukaa siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Zidisheni chumba na chakula kwa siku hizo 14, na jumla hiyo iingie kwenye mchango wa ukoo tangu kikao cha kwanza, pamoja na nauli.